Baruti Isiyoacha Masizi: Ushauri kwa Mwenye Bastola wa Mbulu na Hanang

Mnunuzi wa vitunguu saumu anayesafiri na fedha taslimu kutoka Bashay, mfanyabiashara wa ng'ombe anayedamkia mnadani, mwenye duka la jumla pale Katesh: watu wa namna hii ndio unaowakuta na bastola za leseni katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, na lalamiko lao ni moja. Bastola imepigwa risasi chache za mazoezi, ukiifungua ndani ni masizi matupu, na kitambaa cheupe kikipita mara moja tu kinatoka cheusi. Halafu mpwa aliyeko Marekani anatuma video ya mashine yake ya mezani ya kujazia maganda na ujumbe wa sauti: "Mjomba, tatizo ni baruti. Tafuta baruti safi ujaze mwenyewe, masizi utayasahau."

Mpwa ana nusu ya ukweli. Nianze na ile nusu asiyoijua.

Kwake, kujaza upya maganda yaliyotumika ni burudani ya kawaida. Baruti inauzwa kwa kopo dukani, na vitabu vya vipimo vinachapishwa na viwanda vyenyewe. Kwetu ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza silaha au risasi kunataka kibali chake, na leseni ya kumiliki bastola sicho kibali hicho. Kulitia ganda la zamani fataki mpya, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, kulimiminia baruti na kulikandamizia kichwa kipya ni kutengeneza risasi, hata ukifanyia kwenye meza ya kulia chakula kwa ajili ya matumizi yako mwenyewe. Leseni uliyoihangaikia kuanzia serikali ya kijiji hadi kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ukapita polisi na kurudi tena, usiiweke rehani kwa kopo la baruti. Wakati wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, Septemba na Oktoba 2023, mtu aliweza kupeleka kitu kituoni na kurudi nyumbani kwake. Anayekutwa na baruti na maganda ya kujaza hawezi kuutegemea msamaha ule.

Kwa hiyo baruti unayoichagua wewe imeshafungwa ndani ya risasi ya kiwandani. Huioni. Unachonunua ni boksi, na kazi yako ni kujua boksi lipi lina baruti itakayowaka ikaisha ndani ya mtutu wa bastola yako. Hapo ndipo elimu ya mpwa inapofaa, maana wajazaji wa kule wamezijaribu baruti nyingi kwa muda mrefu, na waliyojifunza yanatusaidia hata sisi tusiogusa kopo.

Baruti ya kale, ile nyeusi ya gobore, ni mchanganyiko wa sehemu 75 za chumvi ya shura, 15 za mkaa na 10 za kiberiti. Ikiwaka, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka gesi ya kusukuma risasi. Iliyobaki ni majivu na chumvichumvi: nyingine zinatoka na ule moshi mweupe mzito, nyingine zinabandika kwenye mtutu. Wazee waliowahi kupiga gobore wanaijua harufu yake ya yai bovu. Ni kiberiti hicho. Moshi huo uliwatesa hata wanajeshi wa Mjerumani. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, askari wengi wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck walikuwa bado wanatumia bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti nyeusi. Walishinda vita ile, lakini kila aliyefyatua alijitangaza alipo kwa wingu juu ya kichwa chake.

Wakati huo dunia ilikuwa na baruti nyingine kwa miaka 30. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884 kwa kuzitia asidi nyuzi za mimea, pamba kwa mfano, kisha kuzigandisha na kuzikata vipande vidogo. Miaka michache baadaye Alfred Nobel, halafu Waingereza, wakaichanganya na naitrogliserini ikapata nguvu zaidi. Hii ndiyo baruti isiyo na moshi, na ndiyo iliyomo katika karibu kila risasi ya bastola inayouzwa leo. Ikiwaka sawasawa inageuka gesi karibu yote: mvuke wa maji, kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, naitrojeni. Kigumu kinachobaki ni kidogo mno.

Sasa ukijiuliza masizi ya bastola yako yanatoka wapi, neno la kushika ni "ikiwaka sawasawa". Baruti hii inahitaji kubanwa. Ikiwa wazi, haina mlipuko wowote, inaungua kwa mwali wa njano na kwisha. Ndani ya ganda, kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyowaka kwa kasi, na kasi hiyo inapandisha shinikizo zaidi, mpaka kichwa cha risasi kinapoondoka na nafasi kupanuka. Shinikizo likiwa dogo inafanya kama kuni mbichi: moto upo, lakini kazi kubwa ni moshi. Punje zinaungua nje na kubaki nzima ndani, na unaziona zimemwagika kwenye magazini, vipande vidogo vya njano au kijani kama majani ya chai. Ganda lenyewe, ambalo lilipaswa kutanuka na kuziba chemba kabisa, halitanuki vya kutosha. Gesi inarudi nyuma, na ganda linatoka na mabaka meusi ubavuni.

Kwa hiyo baruti ileile inaweza kuwa safi kwenye risasi moja na chafu kwenye nyingine. Mtu akikwambia baruti fulani ni safi, mwulize: ndani ya risasi gani, kwa shinikizo gani, kwenye mtutu wa urefu gani? Wajazaji wa Marekani wana mfano mmoja wanaoupenda. Baruti iitwayo Unique imekuwepo tangu mwaka 1900 na imetukanwa miaka yote kwa uchafu wake. Lakini wanaoitumia kwenye risasi nzito zenye shinikizo kubwa hawaoni cha kulalamikia. Uchafu unawapata wanaoitia kidogokidogo kwa risasi nyepesi za kulenga shabaha. N320 ya kampuni ya Vihtavuori ya Ufini inasifiwa sana na washindani wa bastola za milimita 9, nayo ina haki ya sifa hizo, ila na yenyewe ukiipunguza kupita kiasi itaacha masizi. Titegroup ya Hodgdon inawaka vizuri hata ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa. Kasoro yake ndiyo inayonifanya nisiitamani hata kama sheria ingeniruhusu: inachukua nafasi ndogo sana ndani ya ganda, kiasi kwamba dozi mbili zinaweza kuingia bila kumwagika, na risasi yenye dozi mbili inapasua bastola mkononi. Wapo waliopoteza vidole huku wakitafuta usafi.

Turudi dukani. Risasi mbili ambazo mwenye bastola wa kwetu anakutana nazo mara nyingi ni milimita 9 ya Parabellum na .38 Special ya bastola ya duara. Ya kwanza ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati baruti isiyo na moshi imeshaenea. Ganda lake ni fupi, milimita 19, na baruti inalijaza vizuri. Ya pili ilizaliwa mwaka 1898 ikiwa bado inapakiwa baruti nyeusi, na ganda lake lina zaidi ya milimita 29. Baruti nyeusi ilihitaji chumba hicho chote. Baruti ya leo inachukua kona tu na kuacha ukumbi mtupu. Shinikizo linaloruhusiwa kwenye .38 ni karibu nusu ya lile la milimita 9. Weka pamoja chumba kikubwa na shinikizo dogo, na huna haja ya kuuliza kwa nini bastola ya duara ina masizi zaidi. Baruti ikilala upande wa kichwa, mbali na fataki, risasi ileile inatoka dhaifu na chafu kuliko ikilala upande wa kitako. Ukikuta tofauti ya mlio kati ya risasi mbili za boksi moja la .38, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

Kama bado hujanunua silaha na unahangaika kuamua, basi kwa hoja ya usafi peke yake milimita 9 inashinda. Lakini bastola ya duara ina fadhila nyingine: haina magazini ya kuchakaa, haikwami kirahisi kwa vumbi la Basotu, na mtu asiyefanya mazoezi mara kwa mara anaielewa haraka. Mimi singeiacha kwa sababu ya masizi. Masizi yanafutika.

Ukifika kwa muuzaji mwenye leseni, angalia kwanza kichwa cha risasi kabla hata ya kuwaza baruti. Vipo vichwa vya madini ya risasi matupu vilivyopakwa nta au grisi. Hivyo ndivyo vinavyotoa moshi mwingi kuliko vyote, na moshi wenyewe ni ile nta inayoungua, baruti inasingiziwa tu. Vipo vyenye koti la shaba ambavyo kitako chake kimeachwa wazi. Gesi ya moto inalamba madini ya risasi pale nyuma na kuyafanya mvuke. Na vipo vilivyofunikwa pande zote, kitako kikiwemo. Hivi vya mwisho ndivyo ninavyokushauri kwa mazoezi, ikiwa muuzaji anavyo na bei inavumilika. Soma maandishi ya boksi au muulize akuonyeshe. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Kisha urefu wa mtutu. Bastola ndogo ya kuficha mfukoni ina mtutu wa sentimita 7 au 8, na risasi iliyopakiwa baruti ya mwako wa taratibu, yaani ile iliyokusudiwa mitutu mirefu au mwendo mkali sana, haipati muda wa kumaliza kazi. Punje zinamalizikia kuwaka hewani mbele ya mtutu. Usiku utaona mwali mkubwa wa machungwa, na kwa sekunde kadhaa hutaona kingine chochote. Mwenye bastola fupi anunue risasi ya kawaida, siyo ile iliyoandikwa kwamba ina nguvu ya ziada. Ya kawaida hupakiwa baruti ya mwako wa haraka, inayoisha kabla kichwa hakijatoka. Ni rahisi pia, na haichoshi mkono wala springi.

Uzito wa kichwa nao una neno. Kwenye milimita 9, vichwa vizito huipa baruti upinzani zaidi mwanzoni, na mara nyingi ndivyo vinavyowaka safi kuliko vyepesi vya bei ya chini. Nimesema mara nyingi. Kila kiwanda kina mapishi yake, na kiwanda kinaweza kubadilisha baruti kati ya shehena moja na nyingine bila kukutangazia. Ndiyo maana dawa ya kweli ni kununua boksi moja moja la aina mbili au tatu, kwa kiasi ambacho leseni yako inakuruhusu, kuzipiga kwenye uwanja wa shabaha uliokubaliwa, na kuyakagua maganda.

Maganda ndiyo ushahidi wako, na hapa usiwe na haraka. Yapange mezani kwa aina. Ganda lililowaka vizuri lina weusi mwembamba mdomoni tu, na ubavu wake unang'aa. Lenye masizi kuanzia mdomoni hadi katikati linasema shinikizo halikutosha kuziba chemba. Aina hiyo iache, au itumie kama ipo nafuu na huna wasiwasi wa kusafisha. Lililopasuka, lililovimba karibu na kitako, au lenye fataki iliyolala bapa kabisa linasema kinyume chake: shinikizo limezidi. Hilo halihusiani na usafi. Acha kupiga boksi hilo lote na ulirudishe kwa muuzaji ukiwa na ganda mkononi. Halafu pindua kitambaa ulichosafishia. Masizi laini yanayopakaa kama wino ni kaboni. Unga wa kijivu uliochanganyika na chembe zinazong'aa ni madini ya risasi. Kijani au bluu ni shaba iliyoyeyushwa na dawa ya kusafishia, siyo kosa la baruti hata kidogo, ingawa nimewasikia watu wakiilaumu.

Wengine husema baruti zinachafua zaidi huku kwetu kwa sababu ya mwinuko, kwamba hewa ya Mbulu ni nyepesi na moto unakosa pumzi. Si kweli. Baruti inabeba oksijeni yake yenyewe ndani ya punje. Ingewaka vilevile kileleni mwa Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400, kama inavyowaka Pangani ufukweni. Kinachobadilika kidogo ni baridi. Risasi iliyolala kwenye ubaridi wa Juni inawaka kwa shinikizo dogo kidogo kuliko iliyokaa kwenye joto, na tofauti hiyo huioni ila kwa vipimo.

Lakini unyevu wa Mbulu ni adui halisi. Ukungu wa asubuhi kwenye nyanda za juu, kisha kuingia ndani ya nyumba yenye moto, kunafanya chuma kitoe jasho. Matone hayo yanakaa chini ya masizi, na masizi yanashika maji. Bastola iliyopigwa ikaachwa wiki moja bila kufutwa huku juu itaota kutu mahali ambapo ile ya Dodoma ingesamehewa. Mkoba wa ngozi ni mzuri kubebea na mbaya kuhifadhia: ngozi inanyonya unyevu, na chumvi za kuitengenezea zinakula chuma. Nyumbani itoe mkobani, ipanguse, ifungie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa zimefungiwa pembeni peke yake. Upande wa Hanang shida inageuka. Vumbi la kiangazi, na lile lenye chumvi karibu na Ziwa Balangida, linaganda kwenye mafuta. Huko mafuta yawe kidogo sana, utando tu, na ndani ya chemba yasiwepo kabisa.

Kusafisha kwenyewe hakuna siri. Toa magazini kwanza, vuta nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole, maana macho yanazoea. Risasi zote ziondolewe kwenye chumba unachosafishia kabla hujaanza. Brashi ya shaba inapita kutoka nyuma kwenda mbele pale inapowezekana, kisha vitambaa vyenye dawa, kisha vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe kiasi. Sikusema cheupe kabisa. Wapo wanaosugua mpaka wanaharibu mdomo wa mtutu kwa fimbo ya chuma, na uharibifu huo hauna dawa. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa kulainisha ukikosa ya bunduki. Mafuta ya kula hayafai, yanaganda kuwa gundi. Petroli usiisogeze ndani ya nyumba.

Kuna aina moja ya uchafu usioonekana ambao nauogopa kuliko masizi. Risasi za zamani za kijeshi, hasa zilizotoka Ulaya ya Mashariki miongo iliyopita, nyingi zilikuwa na fataki zenye kloreti ya potasiamu. Ikiwaka inaacha chumvi ya aina moja na ile ya kwenye chakula kwa tabia yake: inavuta maji kutoka hewani na kuozesha mtutu kwa siku chache. Mtutu unaweza kuonekana safi na bado umejaa. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Kinachoiondoa ni maji ya moto, mengi, yakifuatwa na kukausha vizuri na ndipo mafuta. Kufikia miaka ya 1920 Wajerumani walikuwa wakitengeneza fataki zisizo na kutu na viwanda vya raia vikafuata, kwa hiyo ukinunua boksi jipya lenye jina la kiwanda na namba ya shehena huna haja ya kuwaza. Ukiletewa risasi zilizofungwa kwenye gazeti au mfuko wa rambo, zenye maganda yaliyofifia na herufi usizozitambua, hata ukiambiwa bei ya kutupa, achana nazo. Hazina stakabadhi, na polisi watakuuliza stakabadhi.

Gobore lenye leseni linaoshwa hivyohivyo, na kwa sababu ileile. Majivu ya baruti nyeusi ni chumvi. Maji ya moto yenye sabuni kidogo, siku ileile uliyolipiga, kabla hujala. Anayelipaka mafuta juu ya majivu akalitundika atalikuta limeoza ndani siku nguruwe pori watakapoingia shambani. Na baruti isiyo na moshi isiingie kamwe ndani ya gobore. Najua wapo wanaofungua risasi za shotigani wakaitoa baruti yake wakidhani watapata safi zaidi na kali zaidi. Kali ni kweli. Mtutu wa gobore haukutengenezwa kuhimili shinikizo hilo. Unapasuka pale mkono wa kushoto unaposhika.

Kuhusu afya niseme jambo ambalo halisemwi madukani. Fataki nyingi za leo, pamoja na ubora wake, zina mchanganyiko wa madini ya risasi, bariamu na antimoni. Kwa hiyo hata baruti ikiwaka ikaisha yote na kichwa kikawa kimefunikwa pande zote, ule moshi mdogo una sumu. Madini ya risasi hayana kiwango salama kwa mtoto. Yanaathiri ubongo unaokua. Usisafishie bastola kwenye meza ya chakula, wala jikoni, wala kitandani mtoto anapolala. Vitambaa vilivyotumika vifunge kwenye mfuko na kuvitupa, visiwe vya kufutia sufuria kesho yake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kula au kuvuta sigara, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake. Mama mjamzito asikabidhiwe kazi hii hata kama ndiye mwenye mikono mizuri nyumbani.

Risasi zenyewe zihifadhi kwenye boksi lake la awali, mahali pakavu na pa baridi. Usiziweke juu karibu na bati, ambako mchana wa Oktoba joto linapanda sana. Baruti hii inaharibika polepole yenyewe kwa asili yake, na kiwanda huitia dawa ya kuchelewesha hali hiyo; joto linaimaliza dawa hiyo mapema. Usiziloweshe mafuta ukidhani unazilinda, maana mafuta yanapenya hadi kwenye fataki na kuiua. Zilizokaa kwenye maji au tope usizikaushe juani ukazirudisha kwenye magazini. Katika tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, nyumba na maduka ya Katesh yalifukiwa pamoja na kila kilichokuwamo, na janga kama hilo halichagui. Risasi iliyofukuliwa hujui kilichoingia ndani yake. Inaweza kukataa kuwaka siku unapoihitaji, au kuwaka nusu.

Kuwaka nusu ndiko kubaya zaidi. Ukifyatua ukasikia mlio mdogo, kishindo cha chini kuliko kawaida, moshi mwingi nyuma na ganda limetoka bila nguvu au halikutoka, usifyatue ya pili. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu hadi 30, toa magazini, fungua, kisha angalia kama mtutu uko wazi kwa kuuchungulia kutokea nyuma huku chemba ikiwa tupu, au kwa kupitisha fimbo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama katikati. Kikiwa kimekwama, usikigonge wewe. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Na zile risasi zilizokataa, zilizolowa, au za marehemu mzee ulizozikuta sandukuni, usizichome kwenye takataka wala kuzitupa chooni. Zifunge, ziandike idadi yake, uzipeleke kituo cha polisi cha Mbulu au Katesh pamoja na leseni yako, na usiondoke kabla hujaandikiwa kwamba zimepokelewa.